Ufichuzi wa hiari wa kodi za majimbo ya Marekani

Ufichuzi wa hiari ni utaratibu unaomwezesha mlipakodi anayedaiwa na jimbo la Marekani kujitokeza mwenyewe kabla jimbo halijamfuata. Kwa kawaida wakili au mhasibu hupeleka ombi bila kutaja jina la mteja. Jina hutolewa masharti yakishakubaliwa. Jimbo hudai kodi ya miaka michache tu, mara nyingi mitatu au minne, na kusamehe faini, ingawa riba kwa kawaida hulipwa. Nafuu hiyo si ndogo, kwani pasipo ritani ukomo wa muda hauanzi kuhesabiwa na deni laweza kufukuliwa tangu mwanzo. Lakini kodi ya mauzo iliyokwisha kukusanywa kwa wateja hudaiwa yote: haikuwa mali ya mfanyabiashara.

Utaratibu huu ulipata uzito mwaka 2018, Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua, katika kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair, kwamba jimbo laweza kumtaka muuzaji asiye na duka wala ghala humo akusanye kodi ya mauzo. Anayedaiwa na majimbo kadhaa anaweza kupitia Multistate Tax Commission, tume ya pamoja ya majimbo kuhusu kodi, kwa ombi moja. Aliyekwisha kuandikiwa na jimbo kuhusu kodi anayotaka kuifichua kwa kawaida hapokelewi.