Upasuaji wa tonsili na adenoidi kwa watoto

Upasuaji wa tonsili na adenoidi ni kuondolewa hospitalini kwa tishu zilizokua kupita kiasi kooni na nyuma ya pua ya mtoto. Tonsili, au mafindofindo, ziko mbili, moja kila upande wa koo. Adenoidi, ambazo wazazi wengi nchini Tanzania huziita nyama za pua, zimejificha juu ya kaakaa laini. Hazionekani mtoto akipanua kinywa.

Adenoidi huwa kubwa zaidi kati ya umri wa miaka 3 na 7, kisha husinyaa zenyewe. Ndiyo maana daktari mara nyingi husubiri kwanza. Hasubiri ikiwa mtoto anakoroma kila usiku na pumzi yake inakatika usingizini. Adenoidi zinaweza pia kusababisha maji kujaa katika sikio la kati. Mtoto wa namna hiyo husinzia darasani na hasikii vizuri, akaitwa mvivu bure.

Sababu nyingine ni tonsili kuugua mara kwa mara. Kipimo kinachotumiwa sana ni mara 7 katika mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka 2, au mara 3 kila mwaka kwa miaka 3.

Tofauti na kukata kimeo

Upasuaji huu usichanganywe na kukata kimeo. Kimeo (pia kilimi) ni kinyama kinachoning'inia katikati ya koo. Sehemu nyingi za Tanzania, wakataji wa jadi hukikata kwa wembe au kisu mtoto akikohoa, akitapika au akikataa kunyonya. Tonsili na adenoidi hubaki palepale, na kukoroma pia. Watoto wengine hutokwa damu nyingi, hupata pepopunda au maambukizi ya damu, na wengine hufa. Tena kikohozi chenyewe huenda ni nimonia au kifua kikuu, na siku za tiba zimepotea.

Tabora

Mji wa Tabora, kituo cha zamani cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, una hospitali ya rufaa ya mkoa ya Kitete. Hospitali ya kanda ni Bugando, Mwanza. Kwa kuwa selimundu si ugonjwa wa nadra upande huu wa nchi, ni muhimu mtoto apimwe kabla ya upasuaji.

Mtoto hupewa nusu kaputi, na kazi yote hufanyika kupitia kinywani. Baadaye koo hufunikwa na utando mweupe. Huo si usaha. Damu inaweza kutoka katika saa 24 za kwanza, au tena kati ya siku ya 5 na ya 10. Kumeza mate mfululizo usingizini ni dalili yake. Familia inayotoka mbali, kama Kaliua au Sikonge, ni afadhali ikae kwa ndugu mjini hadi siku hizo zipite. Maumivu hutulizwa kwa parasetamoli. Aspirini mtoto hapewi.