Wimbo na Jibu Lake: Liyongo na Mapokeo ya Kujibizana Katika Bonde la Chini la Mto Tana

Wasomi wengi wa ushairi wa Kiswahili wamezoea kuzisoma tungo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo kana kwamba ni kazi ya mtu mmoja aliyekaa peke yake akaimba. Mazoea hayo yameletwa na vitabu. Ukurasa uliopigwa chapa hubeba sauti moja na jina moja juu yake. Waitikiaji, wapinzani na wafumbuaji hawana nafasi humo. Lakini katika nchi ambamo habari za Liyongo zimetia mizizi, wimbo uliimbwa ili upate jibu. Na ukichunguzwa ushahidi uliopo, inadhihirika kwamba utungo mmojawapo mashuhuri zaidi wa Liyongo umehifadhiwa na mtu aliyeujibu, karne nyingi baada ya wakati ambao masimulizi yanampa mtungaji wa kwanza.

Nchi yenyewe ni bonde la chini la Mto Tana. Kutoka Garsen mto hushuka kwa mizunguko mingi katika tambarare ya mashamba ya Wapokomo na malisho ya Waorma, kisha huingia bahari ya Hindi huko Kipini. Njia hiyo ya maji si ya zamani sana, kwani ni mfereji wa Belezoni, uliochimbwa katika karne ya kumi na tisa, uliouunganisha mto huo na Mto Ozi. Karibu na mlango huo wa mto kuna Ozi, kuna Shaka, na kuna magofu ya Ungwana ambayo James Kirkman aliyachimbua na kuyaandikia kitabu mwaka 1966. Hapo ndipo masimulizi yanapomweka Liyongo, na katika sehemu hizo za Kipini na Ozi ndipo kaburi lake huonyeshwa. Alice Werner, aliyepita pwani hiyo na bonde hilo miaka ya 1912 na 1913, alikuta habari za Liyongo kwa Wapokomo pia, si kwa Waswahili tu. Jambo hilo lafaa kukumbukwa kila wanaposikika wale wanaomfanya Liyongo kuwa mali ya Pate peke yake. Kuhusu karne aliyoishi, wataalamu hawajapatana.

Ngoma inayotajwa sana katika habari zake ni gungu, ngoma ya arusi na ya karamu za waungwana. Katika gungu malenga mmoja hutoa wimbo wa fumbo, na mwingine hana budi kuufumbua kwa wimbo. Asiyeweza huaibika mbele ya watu. Kwa hiyo utungo wa gungu ukiandikwa peke yake huwa ni nusu ya maneno. Ugumu ambao wafasiri wameulalamikia tangu siku za Edward Steere haukutokana na ukale wa lugha tu. Baadhi yake umetokana na kukosekana kwa mfumbuaji.

Kisa cha gereza chaonyesha jambo hilo waziwazi. Liyongo akiwa amefungwa Pate, alimtumia mamake ujumbe kwa wimbo aliompa kijakazi Saada, na walinzi waliusikia wasiuelewe. Mama aliuelewa. Jibu lake halikuwa la maneno: alioka mikate mizuri pamoja na mkate wa wishwa, na ndani ya huo wa wishwa akatia tupa. Walinzi wakala mizuri, wakamwachia mfungwa ule mbaya. Kisha Liyongo akaomba ichezwe gungu. Watu wakakusanyika nje na ngoma na vyombo vya shaba, naye akiongoza wimbo ndani wao wakaitikia, na kelele ya kiitikio ikafunika mlio wa tupa juu ya minyororo. Wachezaji hawakujua kwamba kila walipoitikia walikuwa wakimfungua. Mtu aweza kukisoma kisa hicho kama hadithi ya ujanja tu. Lakini waliokisimulia walikuwa watu wa gungu, na walifahamu kwamba kiongozi wa wimbo hana nguvu bila waitikiaji.

Sasa juu ya utungo ule uliotajwa mwanzoni. Mwaka 1870 Steere alichapisha hadithi alizozikusanya Unguja, na pamoja nazo akatia shairi la Liyongo la kujisifu ushujaa. Alilolichapisha lilikuwa takhmisi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, yule mtungaji wa Al-Inkishafi aliyefariki yapata mwaka 1820. Takhmisi ni sanaa iliyotoka kwa Waarabu: mshairi huchukua utungo wa mwenziwe, na kwa kila mishororo miwili ya asili huongeza mitatu yake, yote mitano ikafungwa pamoja kwa kina. Mwenye kuongeza hana ruhusa ya kuyabadili maneno ya kwanza. Hulazimika kuyafuata na kuyapanua, na pengine kuyapindua maana yake kwa jirani mpya anayoyawekea. Hili nalo ni jibu, na ni jibu la adabu kuliko yote, kwa kuwa mjibu humbeba anayejibiwa ndani ya beti zake.

Hapa pana tatizo ambalo halijashughulikiwa inavyostahili. Sayyid Abdallah alikuwa mwanachuoni aliyeandika juu ya uharibifu wa dunia na kuanguka kwa majumba ya Pate. Liyongo wa shairi ni shujaa asiyeogopa mauti. Mtu anayesoma beti hizo kwa pamoja husikia majivuno, lakini hajui daima ni ya nani, ya shujaa wa kale au ya msomi aliyempa sauti. Mkusanyo mkubwa uliohaririwa na Gudrun Miehe na wenzake mwaka 2004 ulijihadhari, jina lake lenyewe likisema tu kwamba tungo hizo zinanasibishwa na Liyongo. Tahadhari hiyo ni ya haki. Hata hivyo, swali la uandishi halitajibika kwa kuivua mishororo ya Sayyid Abdallah kama ganda. Pasipokuwa na ganda hilo, huenda kusingekuwa na kokwa.

Mashairi ya vita vya Kuduhu, yaliyopelekwa na kurudishwa baina ya Mombasa na Lamu wakati wa vita vya Shela yapata mwaka 1812, yana hali iyo hiyo kwa ukali zaidi: Muyaka bin Haji upande mmoja, Bwana Zahidi Mngumi upande wa pili. Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff walipoyachapisha pamoja mwaka 1995, beti zilizoonekana kuwa za fumbo zikapata mwanga kwa kuwekwa kando ya majibu yake.

Bonde la Tana limetoa mfano mwingine, ulio kinyume. Mwaka 1963 tume ya watu watano, miongoni mwao Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Thomas Kalume, ilipotengeneza Wimbo wa Taifa wa Kenya, ilichukua sauti ya bembezi ya Wapokomo, wimbo wa mama wa kumbembelezea mtoto. Takhmisi ilihifadhi maneno ya Liyongo. Namna yalivyoimbwa haikuweza kutiwa katika chapa. Wimbo wa Taifa umehifadhi sauti ya bembezi na kuyaacha maneno yake, hata Mkenya aliyekulia mbali na mto huo huiimba bila kujua kwamba iliwahi kumlaza mtoto. Mtafiti wa Kipokomo angefanya kazi njema kuziandika bembezi za Ngao na Garsen pamoja na maneno yake, na pamoja na nyimbo wanazoitikiana wanawake, kabla ya sauti kubaki peke yake.

Mwisho wa Liyongo wenyewe umesimuliwa kwa njia hii. Katika utendi ambao Muhammad Kijumwa wa Lamu aliuandika mwaka 1913, Liyongo alichomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe, akiwa usingizini. Akaamka, akashika uta na mshale, akapiga goti karibu na kisima, akafa hali ameelekeza mshale. Watu hawakuthubutu kwenda kuteka maji. Wakamwendea mamake, wakamsihi amtulize kwa nyimbo, kwa kuwa ilijulikana kwamba zilikuwa na nguvu juu yake. Mama akaja na wazee, akasimama mbali, akaimba. Akaimba tena siku iliyofuata. Hakupata jibu. Baada ya siku kadhaa mwili ukaanguka, na ndipo mji ulipofahamu.