Zimwi Lisiloonekana

Hadithi ya kutisha haipati nguvu zake katika sura ya zimwi. Sura ikiisha kuonekana hupimwa kwa macho. Kilichopimwa huzoeleka, na kilichozoeleka hakitishi tena. Jambo hili lilijulikana katika Usukuma, ambamo umo mji wa Bariadi na sehemu kubwa ya mkoa wa Simiyu, zamani kabla televisheni haijafika.

Wasukuma husimulia habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote, akasalia mwanamke mmoja mja mzito aliyejificha katika makapi. Mwanawe, Masala Kulangwa, alipopata akili aliuliza walipo watu wengine, akaambiwa. Akaenda mawindoni. Aliua panzi, akamwuliza mama yake kama huyo ndiye Shing'weng'we, mama akakana. Aliua ndege, kisha mnyama. Mama akakana tena. Hapo ndipo penye siri ya masimulizi. Kila kukana hulikuza zimwi katika fikira za msikilizaji bila ya kulionyesha, na kila mtoto hulichora kwa wino wa hofu yake mwenyewe.

Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, na Tanzania Bara mwaka 1994. Mwanzo wa karne ya 21 zikatokea filamu za kutisha za Kiswahili, kama Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi. Zimwi likapakwa rangi, likavikwa meno. Lakini meno ya bandia huchekesha upesi. Kinachomnyima mtazamaji usingizi ni nyumba ifananayo na yake, na jirani ambaye huenda siye anayedhaniwa. Basi kioo hutisha kweli kinapofuata kanuni ya bibi msimulizi: kulificha zimwi na kulisogeza karibu.

Waama, ukaribu huo ni upanga ukatao kuwili. Katika Usukuma wanawake wazee wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, yakidhaniwa alama ya uchawi. Kumbe wekundu huo huletwa na moshi wa kuni na samadi waliopikia miaka mingi. Sheria ya mwaka 1928 ilikataza kumtaja mtu kuwa mchawi, lakini sheria haikuifukuza hofu. Hofu isiyo na sura ilitafuta sura, ikamwona bibi.

Hadithi ya kale ina neno juu ya jambo hili. Masala Kulangwa alipolipasua tumbo la zimwi na watu wakatoka, kisu chake kilikata sikio la mwanamke mzee. Yule bibi alikasirika, akajaribu kumloga. Shujaa aliyeua zimwi hakumwua bibi. Alitafuta dawa, akamponya. Wasimulizi walijua kutisha, na walijua pia mahali pa kuikomesha hofu. Atengenezaye hadithi za kutisha kwa ajili ya kioo amerithi kazi zote mbili, wala hana ruhusa ya kuchukua moja na kuiacha ya pili.