Awindiri

Awindiri ni kata ya jiji la Arua, mkoa wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Enzi za manispaa ilikuwa chini ya divisheni ya Arua Hill, pamoja na Bazaar na Mvara. Arua ilipopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, divisheni zake zikawa mbili: Arua Central na Ayivu.

Uzito wa utawala, hata hivyo, uko mtaani, kwenye LC1, baraza la ngazi ya chini kabisa. Wakazi wote watu wazima ndio baraza. Kamati yao ina watu kumi. Julai 2018, baada ya miaka 17 bila uchaguzi wa ngazi hiyo, wapiga kura walipanga mstari nyuma ya mgombea wao, wakahesabiwa hadharani. Anayehitaji barua ya utambulisho humwendea mwenyekiti, mwenye mhuri.