Usahihi wa Dozi ya Mionzi Mapafuni: Kukubaliana kwa Hesabu Hakutoshi

Msongamano wa tishu ya pafu ni takriban robo hadi theluthi ya ule wa maji. Programu za kupanga tiba ya mionzi hulishwa vipimo vilivyochukuliwa ndani ya tangi la maji, kisha huachiwa zenyewe kazi ya kurekebisha tofauti hiyo. Kwa hiyo hospitali inayohakiki hesabu zake kwa tangi la maji na mabamba ya plastiki peke yake bado haijahakiki chochote kuhusu saratani ya mapafu.

Shida iko kwenye elektroni. Fotoni zikigonga tishu huzitimua elektroni, nazo ndizo huiacha dozi njiani. Pafuni hakuna kingi cha kuzizuia, hivyo husafiri mara tatu hadi nne ya umbali wake majini. Uwanja wa miale ukiwa mpana, zinazotoka hufidiwa na zinazoingia. Ukiwa wa sentimita 3, kama inavyohitajika kwa uvimbe mdogo, zinazotoroka kando hazifidiwi na dozi hupungua, hasa ukingoni mwa uvimbe. Nishati ya megavolti 15 au 18 huzidisha hasara hiyo kuliko megavolti 6. Mbinu za zamani za kukokotoa zilirekebisha njia ya fotoni tu. Utorokaji huo wa elektroni kando hazikuuona, zikatangaza dozi kubwa kuliko iliyofika.

Jaribio la RTOG 0236 la Marekani, la tiba ya mionzi kwa saratani ya mapafu, lililochapishwa mwaka 2010, linafundisha mengi hapa. Wagonjwa waliandikiwa grei 60 kwa awamu tatu, na itifaki ilikataza marekebisho ya msongamano. Mipango ilipokokotolewa upya kwa mbinu bora, dozi halisi ilionekana kuwa karibu grei 54. Uvimbe ulidhibitiwa vizuri sana hata hivyo, jambo linalomaanisha kwamba sifa iliyopewa 60 ilikuwa ya 54. Hospitali inayobadili programu huku ikishikilia namba ileile ya zamani inaongeza dozi bila kukusudia.

Wapo watakaosema kwamba programu ya pili ya uhakiki inatosha. Haitoshi ikiwa nayo inalichukulia pafu kama maji yaliyopunguzwa unene: programu mbili zenye kasoro moja zitakubaliana siku zote. Kinachoweza kuzipinga ni kipimo. Kituo cha IROC cha Houston, kinachokagua ubora wa tiba ya mionzi, hupeleka hospitalini kifua bandia chenye vidonge vya kupimia mionzi na filamu, na matokeo yake yameonyesha kwamba hata mbinu zinazozingatia utawanyikaji wa elektroni zilikadiria dozi kupita kiasi kwa takriban asilimia 4 kwa wastani. Mbinu ya Monte Carlo, inayoiga safari ya kila chembe, ilikaribia zaidi kipimo. Tukikumbuka kwamba tangu 1976 tume ya kimataifa ya vipimo vya mionzi, ICRU, imependekeza usahihi wa asilimia 5 katika dozi inayomfikia mgonjwa, asilimia 4 hizo haziachi nafasi ya kosa la kumlaza mgonjwa wala la kupumua kwake.

Mahali pa kupimia napo pana hila. Chemba ya ayoni, kifaa cha kupimia dozi, ikiwekwa katikati ya uwanja mpana, tofauti kati ya mbinu za kukokotoa hupungua na jedwali la matokeo hupendeza. Kipimo chenye uzito ni cha filamu, kwa uwanja mdogo, kikivuka mpaka wa uvimbe bandia na pafu bandia, kwa nishati ileile inayotumika kutibu.