Chupa Kuukuu Zisizozeeka

Mtaa wa Ngagara, mjini Bujumbura, ulijengwa katika miaka ya 1950, Ubelgiji ilipokuwa ikitawala Urundi na Kongo pia. Mgodi wa Shinkolobwe, huko Katanga, ulikuwa umekwisha kutoa urani iliyotumika katika mabomu ya Marekani ya mwaka 1945. Chumvi za urani ziliuzwa pia kwa maabara, katika chupa kama za kemikali nyingine yoyote.

Urani huchukua miaka milioni 4,500 kupungua nusu. Kutu ya kifuniko si dalili ya usalama. Askari aitwapo kulinda stoo ya maabara inayosafishwa, Ngagara au kwingineko, na atazame kwanza kibandiko. Kipima mionzi kikinyamaza, hiyo si hoja, maana mionzi ya alfa huzuiwa na kioo chenyewe. Hatari kubwa ni vumbi livutwalo kwa pumzi. Kwa hiyo chupa isifunguliwe, isichomwe, wala isimwagwe mtaroni. Itengwe mpaka mtaalamu aipime.

Mwaka 1987, mjini Goiânia, Brazili, waokota vyuma walipasua mashine ya matibabu iliyoachwa katika zahanati iliyohamwa. Unga wa sesiamu, uliong'aa kibuluu gizani, uligawiwa ndugu na majirani. Watu 249 walipatwa na uchafu wa mionzi, 4 walikufa. Waokotaji walilaumiwa sana. Sisi twauliza kwanza: nani aliondoka akaiacha mashine ile?