Himaya Mbili: Buganda na Kambodia

Atakaye kujua jinsi dola ya kigeni inavyoweza kumwacha mfalme kitini mwake na papo hapo kuinyakua nchi yake, hana haja ya kusafiri hadi Kambodia, ambako Wafaransa walimtia Mfalme Norodom chini ya himaya yao mwaka 1863. Na ashuke Bwaise, kaskazini mwa Kampala, bondeni ambako vizingiti vya milango vimeinuliwa kwa matofali kuzuia mafuriko, na ambako aliyejenga nyumba aghalabu si mwenye ardhi iliyo chini yake.

Asili ya hali hiyo ni mkataba uliotiwa saini tarehe 10 Machi 1900 baina ya Sir Harry Johnston, mjumbe wa Uingereza, na wakuu wa Buganda, ufalme ambao Bwaise imo ndani yake. Kabaka, yaani mfalme, Mwanga alikuwa amekwisha kuhamishiwa Shelisheli, alikofia mwaka 1903, na mwanawe Daudi Chwa, aliyerithi kiti, alikuwa hajatimiza miaka minne. Basi ufalme ukawa mikononi mwa walezi watatu, Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Ardhi, iliyokadiriwa maili za mraba 19,600 kabla hata haijapimwa, ikagawanywa kwa kalamu: Kabaka maili 350, machifu na wakuu 1,000 wakapata 8,000, na serikali ya Uingereza ikajitwalia 9,000. Mkulima, ambaye migomba yake ilikuwa imesimama juu ya ardhi hiyo hiyo, hakuandikiwa kitu, na kodi ya nyumba ya rupia tatu kwa mwaka ikamwangukia yeye.

Kambodia mambo yalikwenda kwa mabavu ya wazi. Tarehe 17 Juni 1884 Gavana Mfaransa Charles Thomson alimwendea Norodom jumbani Phnom Penh, manowari zikiwa mtoni, akamshurutisha kutia saini mapatano yaliyoifanya ardhi, pamoja na mengine, kuwa mali ya watu binafsi. Mwaka uliofuata nchi ikaasi, Si Votha, nduguye mfalme kwa baba, akiwa miongoni mwa viongozi, hata Wafaransa wakalazimika kulegeza kamba. Buganda manowari hazikuhitajiwa, maana waliotia saini ndio waliogawiwa, na kwa rai yangu dhuluma ya namna hii ni nzito zaidi, kwa kuwa malalamiko ya bataka, wakuu wa koo waliopokonywa makaburi ya wazee wao, yaliwaelekea Waganda wenzao kabla ya kumfikia Mwingereza.

Mwaka 1953 nchi hizi mbili ziliachana njia: tarehe 9 Novemba Mfalme Norodom Sihanouk alipata uhuru wa Kambodia, na tarehe 30 ya mwezi huo huo Gavana Mwingereza wa Uganda, Andrew Cohen, akamfukuza Kabaka Mutesa II kwenda Uingereza. Waganda walishikilia arudishwe, naye akarudi tarehe 17 Oktoba 1955, wakampokea kwa furaha kubwa.

Athari ya mgao wa 1900 ingalipo. Sheria ya 1928 iliweka kikomo cha busuulu, yaani kodi ya ardhi, anayotozwa mwenye kibanja, yaani mkaaji wa kipande cha ardhi ya mwingine, na Sheria ya Ardhi ya 1998 ikamkinga asifukuzwe ovyo; hati ya mailo, umiliki uliotokana na maili za 1900, ingali na mwenye ardhi, na mtu wa Bwaise anayetaka kuuza kibanja chake sharti kwanza amwendee huyo kumwomba idhini.